Anasemaje?

Dakika ya tatu ya filamu ya kwanza, mtoto wa mstari wa mbele alimgeukia mwenzake akauliza: "Anasemaje?"

Mwenzake hakujua. Akamgeukia wa nyuma yake, na wa nyuma naye akamuuliza wa nyuma yake. Swali likapanda mistari ya viti vya plastiki kama moto kwenye makuti makavu, na lilipofika mlangoni, niliposimama mimi na daftari langu la mahudhurio, lilikuwa limeshakuwa kelele ya watoto mia na ushei. Anasemaje? Anasemaje? Anasemaje?

Kwenye kitambaa, mzee mwenye kofia alikuwa anamwambia mjukuu wake jambo zito. Nilijua ni zito kwa sababu filamu ile niliichagua mwenyewe, na usiku nilioitazama nyumbani kwenye kompyuta nilitoa machozi. Ilikuwa filamu fupi kutoka Senegal, maneno yameandikwa chini kwa Kiingereza, herufi nyeupe zinakuja na kuondoka. Nilizisoma bila hata kujua kwamba ninasoma.

Watoto wengi mle ndani walikuwa wa darasa la kwanza mpaka la nne.

Nikafanya lile ambalo mimi mwenyewe nilifanyiwa utoto mzima. Nikaweka kidole mdomoni, nikasema: "Shiii!"

Wiki ya sita hii, ile shiii haijaniachia.

## Tulipanga kila kitu

Tamasha letu ni dogo, la mtaa. Watu saba, grupu moja la WhatsApp, projekta ya kuazima, ukumbi wa shule moja ya msingi huku Temeke. Mwaka huu tulisema tuwe na siku ya familia. Mimi nikapewa watoto. Hakuna aliyeuliza kama naweza, walisema tu, "Wewe si una watoto?"

Nina wawili, wa miaka tisa na mitano. Kwa hiyo nikawa mtaalamu.

Kikao cha kwanza tulizungumza rangi ya fulana kwa saa nzima. Kikao cha pili tulizungumza jumba la kuruka, lile la kujazwa upepo, na nani ana ndugu anayelikodisha kwa bei ya chini. Tukapanga maputo, bisi, dada wa kuchora watoto nyuso, juisi za pakiti. Orodha ya filamu ilichukua dakika kumi mwishoni, watu wakiwa wameshasimama na funguo mkononi. Nikasema nitachagua mwenyewe. Wakasema sawa.

Tuliiita Kona ya Watoto. Neno kona halikunishtua hata kidogo siku ile.

Leo nikiisoma ile orodha naona kwamba kila kilichoandikwa pale kingefaa kwa bethdei yoyote. Ungeweza kuifuta sinema kabisa na siku ikaenda vilevile. Tena karibu vyote vilikuwa vya nje ya ukumbi. Tulikuwa tumeandaa, kwa upendo na kwa gharama, namna ya kuwatoa watoto kwenye njia ya filamu.

Siwalaumu wenzangu. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

## Kijana wa deli

Nje ya mlango alikuwa amekaa kijana wa lambalamba juu ya deli lake. Miaka ishirini na kitu, ndala moja ya bluu na nyingine nyekundu. Hesabu yake ilikuwa rahisi: filamu ziishe, watoto watoke na joto lao, auze. Alikuwa ametulia kama mtu anayejua kwamba muda uko upande wake.

Kelele ilipozidi akachungulia. Akatazama kitambaa, akatazama watoto, akanitazama mimi na kidole changu mdomoni.

"Dada, hawa hawaelewi. Niwasimulie?"

"Unajua Kiingereza?"

"Cha kwenye sinema najua."

Sikumjibu. Sijui kama nilikubali au nilishindwa tu kukataa. Akapita katikati ya viti, akasimama kando ya kitambaa, kivuli chake kikamla mzee wa Senegal bega moja, akaanza.

"Mzee anasema, mjukuu wangu, dunia hii haina huruma na mtu anayelala mpaka saa nne!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Nikasoma maandishi ya chini. Mzee alikuwa anasema kwamba mvua za mwaka huu zimechelewa.

Nusu yangu ilitaka kumtoa. Nusu nyingine ilikuwa inatazama migongo ya watoto, kwa sababu migongo ilikuwa imenyooka. Wale waliokuwa wanapiga teke viti vya mbele waliacha. (Kama umewahi kujiuliza kwa nini watoto hupiga teke viti: miguu yao haifiki chini. Ndani ya nusu saa inakufa ganzi. Tungeweka mikeka.) Alipofika kwenye mvua alisema mvua, na alipofika kwenye kifo cha ng'ombe hakuweka utani wowote. Aliteremsha sauti mpaka feni la ukumbini likasikika. Alikuwa anajua wapi pa kuchezea na wapi pa kuacha, na ujuzi huo hakuupata shuleni.

Baadaye aliniambia alikuwa anafagia banda la video Mbagala, halafu akawa anabadilisha mikanda, halafu siku moja mwenye zamu hakuja.

Sina haja ya kumweleza msomaji wa hapa kibanda umiza ni nini. Sote tumekaa kwenye lile benchi, na sote tuna sauti ya Lufufu, yule mtafsiri wa filamu za nje, mahali fulani kichwani, anampa komandoo wa Kimarekani matatizo ya kodi ya nyumba. Wasomi wetu wa sinema waliiona ile kama fujo ya maskini. Mimi nimesoma chuo, na mimi pia niliiona hivyo, mpaka siku ile niliposimama na daftari mlangoni.

## Mama yangu hakuona mwisho wa sinema hata moja

Jioni ile nilimpigia mama. Nilitaka anicheke kidogo ili niweze kulala. Alicheka sana.

"Mwanangu, mlitaka watoto wanyamaze kwenye sinema? Sinema ya wapi hiyo?"

Akaanza kunisimulia Drive-In ya Msasani, ile iliyofunguliwa 1966, ambayo uwanja wake leo una Ubalozi wa Marekani. Jirani yao alikuwa na pikapu. Watoto wanaogeshwa mapema, wanapandishwa nyuma na mikeka, chapati zimefungwa kwenye taulo, chai kwenye chupa. Sinema za Kihindi, na kwenye pikapu hakuna anayejua Kihindi. Shangazi mmoja ndiye aliyekuwa anasimulia. Mama hajui shangazi alikuwa anatoa wapi habari zile. "Lakini tulikuwa tunalia pale panapotakiwa kuliwa."

Visiwani na Mombasa kulikuwa na zanana, maonyesho ya wanawake peke yao, na mwanamke wa pwani hatoki nyumbani bila watoto. Fikiria ukumbi ule. Kina mama wanamgombeza mhusika mwovu kwenye kitambaa, mtoto analia huku, mwingine ananyonyeshwa kule, mbegu za maboga zinaliwa. Na sinema inaendelea.

Nilikuwa nimeshaanza kuandika makala hii kichwani hapohapo simuni: zamani tulijua, siku hizi tumesahau. Makala tamu. Ingeandikika kwa dakika ishirini.

Halafu mama akasema jambo lililoiharibu.

"Ila mimi mwisho sikuwahi kuuona. Mjomba wako mdogo alikuwa analia. Mimi ndiye binti mkubwa, nambeba, natembea naye nyuma ya magari mpaka alale. Mwisho wa sinema nilikuwa nasimuliwa kesho yake kisimani."

Hakuna hata moja? Hata moja, alisema. Wala hakulisema kwa uchungu, alilisema kama mtu anayekumbuka bei ya sukari.

Nikakata simu nikafungua picha za tamasha letu. Kuna picha mia tatu na kitu. Nilikuwa nimezitazama mara nyingi nikitafuta nzuri za kubandika mtandaoni, na sikuwahi kuona kilichokuwa ndani yake. Karibu kila picha ya ukumbini, pembeni, karibu na mlango, kuna mwanamke amesimama. Mtoto mgongoni au kiunoni, kanga imefungwa, uso umegeukia kitambaa lakini mwili umegeukia nje. Sura tofauti, mkao uleule. Wameisimamia filamu nzima nusu ndani nusu nje, tayari kutoka mtoto akifungua mdomo.

Baba nilihesabu wanne. Wote wamekaa.

Tuliandika kwenye bango: Siku ya Familia. Tulikuwa na mtu wa kuchora nyuso za watoto vipepeo. Hatukuwa na mtu wa kupokea kichanga hata dakika kumi, hatukuwa na mkeka nyuma wa mama kukaa akanyonyesha bila kukosa kinachoendelea, na choo kilikuwa ng'ambo ya uwanja, ufunguo kwa mlinzi, mlinzi ameenda kuswali. Ukimpeleka wa miaka mitano chooni pale, unarudi filamu nyingine.

Nimekuwa nikijiuliza mtoto anayemwona mama yake amesimama mlangoni, hatulii, anajifunza nini kuhusu mahali pale. Wangu wa miaka mitano alinigeukia mara kumi na mbili. Alitaka kujua kama tunaondoka.

## "Mle ndani kuna sauti ambayo sikuiandika"

Filamu ya pili ilikuwa ya Kiswahili, ya kijana wa hapahapa Dar, na mwenyewe alikuwepo. Nikajua sasa tumepona, hii haihitaji mkalimani.

Kijana wa deli hakujua hivyo. Alikuwa ameshapata joto. Watu wanazungumza Kiswahili kwenye kitambaa, naye anawasemea juu yake Kiswahili kingine, kitamu zaidi, watoto hoi kwa kicheko.

Mwenye filamu akaja mlangoni. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Dada, mle ndani kuna sauti ambayo sikuiandika."

Akanieleza, kwa kunong'ona, kwamba mbele kidogo kuna sekunde arobaini ambazo hazina neno. Mvulana ameamka, mbuzi wake hayupo, kamba iko chini. Alisema sekunde zile alizikata na kuzirudishia kwa miezi miwili.

Alikuwa na haki. Na dakika tano kabla yake nilikuwa ninamwona mwenye deli kama mkombozi. Hapa ndipo nilipokwama, na kwa kweli bado nimekwama kidogo.

Ule mjadala wa kibanda umiza tuliuzoea kwa filamu za Marekani. Nani ana huruma na studio ya Hollywood? Lakini huyu ni mtoto wa Keko aliyekopa kamera. Ukiruhusu kila mtu apandishe sauti yake juu ya kazi yake, umempa nini?

Nilipotafuta wengine wanafanyaje, nilikuta kwamba Berlin wanafanya jambo karibu na la kijana wa deli, na wanalifanya rasmi. Tamasha la filamu la kule lina sehemu ya watoto tangu 1978. Filamu za wadogo zinaonyeshwa kwa lugha zake za asili, na ndani ya ukumbi kuna mtu na maikrofoni anayesoma tafsiri ya Kijerumani, papo kwa papo. Hawangoji mtoto ajifunze kusoma maandishi ya chini kwanza. Tofauti ni kwamba yule wa Berlin anasoma kilichoandikwa. Haongezi saa nne za watu.

Nilipokisoma hicho nilifurahi, halafu nikaona haya kwa kufurahi. Kwamba lazima Berlin ifanye ndipo nami nione kwamba kijana wa Mbagala hakuwa anafanya fujo.

Na bado sijui ningechagua nani. Msomaji mwaminifu angewaambia watoto kwamba mvua zimechelewa, na sijui kama migongo ingenyooka.

Siku ile nilimfuata kijana nikamwomba apumzike kidogo. Hakununa. Akakaa chini na watoto, miguu amekunja, kama mmoja wao.

Zikafika zile sekunde arobaini. Mvulana, kamba, ua tupu.

Mtoto mmoja wa kiume akasema kwa sauti, "Sisi wetu tulimla!"

Kicheko.

Kicheko kilipotulia, sauti nyembamba ya kike ikasema, "Mimi wetu nilikuwa nimempa jina."

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyesema shiii pia. Ukumbi wa watoto mia na ushei ulinyamaza wenyewe, kwa muda ambao ulipita hata zile sekunde alizozipanga mwenyewe. Nilimtazama mwenye filamu. Alikuwa ameacha kusimama mlangoni, amejikunyata kwenye sakafu kando ya mstari wa mwisho, mdomo wazi.

## Mbuzi hatarudi

Si wote waliofurahi. Mama mmoja alinisubiri nje. "Mnawaonyesha watoto mbuzi anachinjwa?"

Mbuzi haonyeshwi anachinjwa. Nilimwambia hivyo, tena kwa sauti ya mtu anayejitetea. Nikaongeza kwamba kila Idd watoto hawahawa wanasimama kuzunguka banda wakiona mwanzo mpaka mwisho. Akaniambia, "Idd ninamshika mkono. Humu sikujua linakuja."

Hilo ndilo nililobaki nalo. Bodi ya Filamu huipa filamu daraja, na ni kazi inayotakiwa, lakini daraja linamwambia mlinzi wa mlango nani asiingie. Halimwambii mama kuna nini ndani. Filamu ile ilikuwa safi kwa umri wowote na bado ilikuwa na shimo katikati yake, na mzazi alitakiwa ajue shimo liko wapi ili afike pale mkono wa mtoto ukiwa mkononi.

Ingetosha karatasi mlangoni. Dakika nane. Kuna mbuzi. Hatarudi.

Wapo watakaosema basi weka katuni tu, za kuchekesha, au zile zisizo na maneno kabisa, umalize mjadala wa lugha na wa machozi kwa pamoja. Katuni nzuri za Kiswahili zipo sasa. Ubongo Kids wamezifanya kuwa jambo la kawaida sebuleni tangu 2014, na wangu wa miaka tisa amejifunzia hesabu humo. Lakini hizo anaziona nyumbani. Nikimvalisha, nikampandisha daladala, nikamtoa Mtoni mpaka ukumbini kumwonyesha alichokiacha kwenye runinga, ana haki ya kuniuliza tumefuata nini.

## Saa za mgeni rasmi

Usiku wa familia, uwanjani, niutaje kwa ufupi kwa sababu bado unauma.

Sinema ya wazi inahitaji giza. Kwetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasoro, mwaka mzima, na mtoto wa miaka mitano anaanza kuanguka saa mbili na nusu. Una dirisha la saa moja na nusu. Ni dogo, lakini linatosha filamu fupi nne na pumziko la kwenda chooni.

Tulilitumia dirisha hilo kumsubiri mgeni rasmi.

Alipofika akakaribishwa, aliyemkaribisha akakaribishwa na mwingine, wadhamini wakatajwa, kikundi cha ngoma kikapiga, mgeni akatoa nasaha kuhusu umuhimu wa familia. Umati wa familia ulikuwa unaondoka wakati huohuo, watoto wamelala mabegani, unawaona wanapita kwenye mwanga wa projekta mmoja mmoja kuelekea kituoni.

Zanzibar wana Ngome Kongwe, na tamasha la ZIFF limekuwa likionyesha filamu chini ya nyota zile tangu 1998. Lakini kwa suala hili, kinachonivutia kwao ni kile kingine walichokuwa wakikifanya, kupeleka filamu vijijini, Unguja na Pemba. Zamani niliiona kama hisani. Sasa naona ni hesabu. Mtoto akilala kijijini anabebwa hatua hamsini. Mtoto akilala Posta anabebwa daladala mbili, na mwenye kubeba ni yuleyule wa kwenye picha. Ukitaka familia yote ione mwisho, kitambaa kitundikwe karibu na kitanda.

Utotoni kwetu lilikuwa linakuja gari la matangazo, la sabuni au la kampeni ya afya, linatundika shuka uwanja wa mpira. Tulikuwa wengi kiasi kwamba nusu yetu tulikaa nyuma ya shuka. Herufi zote zilikuwa kinyume na mashujaa wote walikuwa wa mkono wa kushoto. Hatukujali. Nyumbani palikuwa palepale, mama aliweza kuniita kwa jina kutoka mlangoni.

## Vizibo

Jambo moja tulilifanya sawasawa, na hata hilo lilikuwa la bahati.

Nilikuwa nimesoma kuhusu Giffoni, kule kusini mwa Italia, ambako tangu 1971 wanaotoa tuzo ni watoto wenyewe, siku hizi kwa maelfu. Na karibu zaidi, Nairobi, Lola Kenya Screen walioanza 2005, ambako watoto walihukumu filamu, waliandika uhakiki wake, walishika maikrofoni kuziongoza programu, na walifundishwa kutengeneza za kwao. Sisi hatukuwa na uwezo wa mambo hayo. Nikaweka ndoo tatu mlangoni, kila moja na picha ya filamu yake, na kila mtoto nikampa kizibo kimoja cha soda.

Niliweka bila kutegemea kitu. Kumbe kizibo kilichelewesha mlango mzima. Mtoto wa miaka sita amesimama mbele ya ndoo tatu, ananyoosha mkono kwenye moja, anaurudisha. Dada yake anamwambia weka hapa, hataki. Walikuwa wanabishana, kwa sababu, na walikuwa wanataja mambo ambayo sikujua waliyaona. Mmoja alisema filamu ya tatu hafai kuipa kwa sababu "yule mama alicheka lakini macho yake hayakucheka."

Jumba la kuruka lilikuwa limejaa upepo hatua ishirini kutoka pale. Kwa dakika kama kumi hakuna aliyelikimbilia.

Mbuzi alishinda. Mwongozaji alipewa ndoo yenye vizibo, akaondoka nayo kwenye bodaboda ameikumbatia.

## Maji ya ukwaju

Sasa nifike kwenye kile kilichoninyima usingizi, maana yote ya juu naona nimeyaandika ili nichelewe kufika hapa.

Ukumbi ulipotoka, kijana alikimbilia deli lake. Alikuwa amesimulia filamu ya kwanza nzima, nusu ya pili, na ya tatu yote baada ya mwenyewe kumwita. Dakika arobaini na kitu. Deli lilikuwa limebaki juani, kivuli kilipohama hakuna aliyelihamisha. Na watoto walikuwa wamelifungua na kulifunga wakitazama rangi, si unajua watoto.

Alipofungua, yalikuwa maji. Vimfuko vya ukwaju na vya ubuyu vinaelea, vimelegea kama samaki wa jana.

Akacheka. Akasema, "Leo nimeuza mdomo."

Nikacheka naye. Nikampa chupa ya maji, nikamshukuru mbele za watu, nikampa fulana iliyobaki. Imeandikwa kifuani: KONA YA WATOTO. Akaivaa palepale juu ya shati, akabeba deli begani, akaondoka.

Usiku wake ndipo binti yangu, yule wa miaka tisa, alipouliza alikuwa na lambalamba ngapi. Nikasema sijui. Yeye anajua, alimuuliza. Mia moja na ishirini, shilingi mia mbili mia mbili. Akapiga hesabu kwa sauti kitandani: elfu ishirini na nne.

Jumba la kuruka tulilipia laki moja na nusu. Mchora nyuso alilipwa. Mtu wa projekta alilipwa, na mtu wa jenereta, na kikundi cha ngoma. Hata mlinzi aliyeondoka na ufunguo wa choo alipata posho. Nilikaa na daftari la matumizi nikitafuta mstari ambao jina lake lingekaa, na hapo nikagundua kwamba jina lake sikuliuliza.

Kwa wiki tano nimekuwa nikimwuliza kila muuza lambalamba ninayekutana naye kati ya Temeke mwisho na Mbagala Rangi Tatu. Kijana mrefu, ndala mbili tofauti. Wananitazama kama ninamtafuta mwizi. Juzi, mzee mmoja wa pale stendi alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ah, yule anayeongea na sinema? Jumapili anakuwa Tandika, sokoni, upande wa mitumba."

Jumapili ni keshokutwa. Elfu ishirini na nne iko kwenye bahasha, juu ya kabati.

Binti yangu ameiona. Ameihesabu. Anasema hiyo ni ya lambalamba, sasa ya kusimulia iko wapi?